Udongo Namba 2207

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Fumino Kuramochi alikwenda kula chakula cha mchana kwa babu na bibi yake, kaskazini mwa Kyoto, na hakuwahi kwenda bila kisanduku cha keki za maharage matamu. Jumapili ile ya Oktoba kisanduku hakikuwapo. Alikuwa amekumbatia daftari kubwa lenye jalada la kitambaa cheusi, amelizungushia taulo lisipatwe na manyunyu. Mzee Teizo, aliyekuwa ameketi sebuleni akisoma gazeti, alilitambua daftari hilo kabla mjukuu wake hajamaliza kuvua viatu mlangoni, na gazeti likamlegea mikononi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Bibi yako amekwisha teleka maji kwa ajili ya keki."

"Leo tutakunywa chai na daftari," alisema Fumino, akajaribu kutabasamu, tabasamu likakataa.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Bibi Sadayo akigeuza pumba. Alikuwa na mtungi wa udongo aliorithi kwa mama mkwe wake, umejaa pumba za mpunga zilizolowana na chumvi, na ndani yake hufukiwa figili na matango mpaka yachachuke. Pumba zile zina uhai wake; zisipogeuzwa kwa mkono kila siku, huoza. Kwa miaka hamsini na minne Sadayo hakuzikosa siku hata moja, isipokuwa zile alizokuwa hospitali kujifungua, na siku hizo aliziacha mikononi mwa mumewe kwa maagizo marefu kuliko wosia.

Mzee Teizo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na sita katika idara ya udongo ya kampuni ya dawa. Kanuni ya idara hiyo ilikuwa moja. Kila mfanyakazi, tangu mkuu hadi mfagizi, alipewa mifuko midogo ya plastiki na kijiko cha chuma cha pua, na popote aendapo, kwa kazi au kwa matembezi, sharti arudi na udongo. Vijidudu vinavyotengeneza dawa huishi ardhini, na hakuna ajuaye vimejificha chini ya kisigino cha nani. Watu walirudi na udongo kutoka harusini, kutoka chemchemi za maji moto, kutoka safari za shule za watoto wao. Teizo peke yake alileta mifuko elfu tatu mia moja na kumi na miwili. Hakuokota ovyo. Alipiga goti, akanusa, na kama harufu ile ya ardhi iliyoonja mvua ilikuwa hafifu, aliinuka akaenda zake.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa lebo. Mahali, tarehe, hali ya hewa, mti ulio karibu: asiyeandika manne hayo alionekana kwake kama mtu aliyeleta uchafu wa kiatu. Kijana mmoja aliwahi kuleta mfuko ulioandikwa "mlimani" tu. Teizo alimpa nauli ya treni, akamwambia arudi akauulize mlima jina lake. Kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa bado, na Teizo hakuwahi kukikanusha.

Sadayo naye alikuwa na kisa chake. Katika fungate yao mumewe alimjazia sanduku la nguo mifuko kumi na minne ya udongo, na kimono yake ya hariri ikanuka shamba mwaka mzima. Alikuwa akikisimulia huku anacheka. Hata hivyo, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote katika idara, na kwa sababu hiyo jioni baada ya chakula Teizo alimsomea lebo zake, naye akazinakili katika daftari kuu kwa kalamu ya wino. Daftari aliloleta Fumino lilikuwa mojawapo, na ukurasa wote alioufungua mezani ulikuwa mwandiko wa bibi yake.

"Namba elfu mbili mia mbili na saba," alisema Fumino.

"Naijua."

"Unaijua, Babu, kwa kuwa nimeitaja katika nyumba hii mpaka paka wa jirani anaijua. Ila leo nataka tuisome pamoja, mara ya mwisho."

Kampuni ilipofunga idara ya udongo, mkusanyo wake ulipewa chuo kikuu, na Fumino, aliyekuwa mtafiti huko, ndiye aliyekabidhiwa kuviamsha vijidudu vilivyokaushwa katika vichupa vya kioo. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wa namba 2207 aliamka. Alikuwa na rangi ya majivu, anakua polepole kama ukoga, na Fumino alipompandikiza katika kisahani kimoja na bakteria aliyetoka katika kidonda cha mgonjwa hospitalini, bakteria ambaye hakuna dawa yoyote kabatini iliyomgusa, asubuhi ya tatu kulikuwa na duara safi kumzunguka yule wa majivu. Ndani ya duara hilo bakteria wote walikuwa wamekufa.

Furaha ile ilidumu majuma saba. Kila alipohamishwa kutoka kisahani hiki hadi kingine, yule wa majivu alizidi kunenepa na duara likazidi kunywea, kama mfungwa anayelishwa vizuri akasahau kazi yake. Katika uhamisho wa sita duara halikuwapo. Walipousoma urithi wake wa vinasaba, kipande kilichobeba uwezo ule kilikuwa kimekwisha dondoka. Kichupa kilikuwa kimoja tu, nao walikwisha kukifungua. Ikabaki njia moja, nayo ni kurudi kwenye udongo alikotoka.

"'Kijiji cha Okubata,'" alisoma Fumino. "'Kando ya njia ipandayo hekaluni, chini ya mwerezi wa kwanza. Tarehe kumi na nane Novemba, mwaka sabini na moja. Anga kavu, upepo kidogo. Mti wa karibu, mwerezi wenyewe.' Miezi kumi na sita, Babu. Mirija mia mbili na arobaini ya udongo. Nimechimba mashariki ya ule mti, magharibi yake, na chini ya mizizi mpaka mtawa wa hekalu akaniuliza kama natafuta mafuta."

"Na kesho?"

"Kesho saa nne Profesa Hatakeda anaufunga utafutaji. Nitasimama wa kwanza, niseme kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Babu, mambo ni mawili. Ama lebo imekosea, ama mikono yangu imekosea. Profesa aliniuliza waziwazi: je, babu yako hakuchanganya? Nikamwambia babu yangu alimrudisha mtu mzima kwa treni akauulize mlima jina. Wote wakacheka, na ikaishia hapo. Basi imebaki mikono yangu. Nimemwotesha kijidudu yule namna nisivyopaswa, au nimemuua njiani. Nimeomba wanihamishie maktaba ya chuo. Kitabu hakifi ukikishika vibaya."

Alisema maneno hayo ya mwisho kwa mzaha, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Mzee Teizo aliutazama mstari ule wa mwandiko mzuri. Alikuwa na miaka themanini na minne, na katika umri huo wote alikuwa amewafundisha watu, kwa ukali ambao hakuuonea haya, kwamba lebo ya mtu ni sahihi yake. Sasa mtoto wa mwanawe alikuwa ameitumia sahihi hiyo kama ngao, na ngao ilikuwa ya karatasi.

"Funga daftari," alisema. "Mwerezi ule hauhusiki."

Fumino hakuelewa. "Hauhusiki vipi?"

"Udongo haukutoka pale. Twende jikoni. Jambo hili bibi yako ndiye anayepaswa kulisikia kwanza, nami nimekwisha kulichelewesha miaka hamsini na mitatu."

Sadayo alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi, mkono umezama hadi kiwiko. Tangu Fumino azaliwe alikuwa akimwita mumewe kama mjukuu anavyomwita.

"Babu, kama ni chai, jitengenezee. Mkono wangu una kazi."

"Endelea na kazi yako. Nisikilize tu."

Akakaa sakafuni kwa magoti, miguu ameikunja chini yake, mkao ambao daktari alikwisha kumkataza. Sadayo alipoona hivyo mkono wake ukasimama ndani ya pumba.

"Namba 2207," alisema Teizo. "Nilikusomea uandike chini ya mwerezi. Haikuwa hivyo. Niliuchukua juu, makaburini. Siku tuliyomlaza Chigusa."

Chigusa alikuwa mtoto wao wa kwanza. Aliishi siku ishirini na tatu. Kitovu kiliingia wadudu, wadudu wakaingia katika damu, na madaktari wakajaribu dawa tatu, mbili kati yake zikiwa zimetoka katika kampuni ya baba yake. Wadudu wale hawakushtuka. Siku ya arobaini na tisa baada ya kifo, kwa desturi yao, mifupa iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, michache kiasi cha kujaa kiganja, ilipelekwa Okubata kwenye kaburi la ukoo, ambapo fundi husogeza jiwe na mifupa ikamiminwa juu ya udongo mtupu. Baba ndiye aliyeingiza mkono.

Sadayo hakuutoa mkono mtungini.

"Asubuhi ile," alisema Sadayo, "nilikitoa kijiko katika mfuko wa koti lako la msiba."

"Ulikitoa."

"Nikakwambia, leo hapana."

"Nikakubali."

"Sasa ulichotea nini?"

"Vidole. Mtawa alikuwa anasoma, nawe ulikuwa umeinama. Nikaufunga katika hanchifu."

"Hanchifu niliyoipiga pasi mimi."

"Hiyo hiyo."

Sadayo alimtazama kama anayemtazama mtu aliyeingia nyumba siyo yake. "Ulichukua kwa ajili ya kazi, au kwa ajili yake?"

Teizo alikuwa amejiuliza swali hilo mara nyingi, na mara nyingi alikuwa amejipatia jibu la kumpendeza. Alijua pia kwamba jibu hilo lingempendeza Sadayo, na kwamba hakuna binadamu angeweza kulipinga.

"Ningependa kusema kwa ajili yake," alijibu. "Sijui. Jiwe liliposogezwa harufu ikanijia. Sijapata kunusa harufu kama ile kabla wala baada. Mkono ukaenda."

"Halafu ukanipa niandike. Tarehe niliiona, nikajiambia, angalau alichota njiani."

"Ndiyo. Kuutupa nilishindwa. Na kukutajia mahali ulipotoka nilishindwa vilevile, kwa kuwa wewe ndiye uliyeshika kalamu."

"Kwa hiyo nimeandika uongo kwa mwandiko mzuri."

Hakungoja jibu. Alizilaza pumba kwa kiganja zikawa sawa, akafunika mtungi, akanawa mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha akaenda chumba chenye madhabahu ya marehemu, akavuta mlango.

Fumino alikuwa bado amesimama penye kizingiti. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Babu, mara nne ulikuja Okubata. Ulisimama chini ya ule mwerezi, ukanionyesha kwa fimbo pa kuchimba."

"Kaburi liko hatua themanini kutoka pale. Mlima ni ule ule. Nilitumaini kijidudu atakuwa anaishi pale pia."

"Wewe ulitumaini," alisema Fumino. "Mimi nilichimba."

Mzee Teizo aliinamisha kichwa mbele ya mjukuu wake mpaka paji likakaribia sakafu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mkuu wa kampuni, na alipoinuka alikuta Fumino amegeuka dirishani.

"Kesho saa nne," alisema, "nitakuwapo."

Na alikuwapo. Alivaa suti ya kijivu na tai, akasimama mbele ya watafiti kumi na wawili ambao aliye mkubwa kwao angeweza kuwa mwanawe, akasema bila kupindapinda kwamba lebo ya namba 2207 ilikuwa ya uongo, kwamba mwongo ni yeye, na kwamba mikono ya Fumino Kuramochi haikukosea hata mara moja katika mirija mia mbili na arobaini. Akataja mahali pa kweli: kaburi la ukoo, siku ya kumlaza mtoto wake. Hakueleza majonzi yake; hakuona kama yanapunguza kosa.

Kijana mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Ziko nyingine?"

Mtu mmoja akaguna, mwingine akamvuta kijana shati. Teizo alimtazama, akaona hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angeliuliza.

"Hakuna nyingine," alisema. "Lakini usiniamini. Nenda ukapime."

Profesa Hatakeda, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, aligeuzageuza kalamu. "Mama wa mtoto yu hai?" aliuliza mwishowe.

"Yu hai."

"Amesema nini?"

"Hajasema."

"Basi utafutaji haufungwi leo. Utafungwa mwisho wa mwezi. Bila neno lake hakuna atakayegusa jiwe lile, hata kama chini yake pana dawa ya kila ugonjwa duniani. Tumeelewana?"

Walielewana. Mzee Teizo akarudi nyumbani na jambo zima, miezi kumi na sita ya mjukuu wake na duara lile safi lililopotea, likiwa limebaki katika kinywa cha mwanamke mmoja asiyesema.

Siku tatu Sadayo alipika, akapakua, akatandika, na hakufungua kinywa. Wali ulikuwa kama siku zote, supu ya soya ilikuwa kama siku zote. Figili tu alizikata nene, kwa namna Teizo asiyoipenda. Alizila zote. Hakumwomba kitu. Mara moja tu, alipomwona anapita na kikombe cha maji ya madhabahu, alitaka kusema kwamba hospitalini watu wanakufa kwa wadudu walewale wasiosikia dawa, watoto wa watu wengine, wenye vitovu vibichi. Ilikuwa kweli tupu. Akaona kwamba kuitumia kweli hiyo kumsukuma ingekuwa kumwibia mara ya pili, akampisha njia.

Jioni ya siku ya nne Sadayo aliweka vijiti vyake vya kulia mezani, akavilinganisha ncha.

"Nimempigia mtawa simu. Fundi mawe atakuja Jumanne asubuhi."

Teizo aliweka bakuli chini.

"Nitachota mimi," aliendelea. "Wewe utashika mfuko. Fumino aje na daftari lake. Na utavaa koti lile."

"Koti lipi?"

"Babu, kabati la nyumba hii lina makoti mangapi? La msiba."

Jumanne anga la Okubata lilikuwa kavu, na upepo kidogo. Mtawa, mtoto wa yule aliyesoma sala mwaka ule, alichoma vijiti vya udi akasoma kwa sauti ya puani iliyofanana kabisa na ya marehemu baba yake. Fundi mawe alikuwa mzee mnene mwenye kitambaa kichwani. Alichomeka mtaimbo chini ya bamba, akasogeza kwa kishindo kimoja, kisha akarudi nyuma kwa adabu akawasha sigara penye ngazi. Harufu ikapanda. Tangu siku ile wazazi wa Teizo nao walikuwa wamemiminwa mle, na baada yao hapakuwa na mtu. Harufu ilikuwa ile ile. Teizo alifumba macho, akashika mfuko wazi kwa mikono miwili, akajizuia kuvuta pumzi kama mtu aliyekula kiapo.

Sadayo alipiga magoti taratibu, Fumino akimshika kwapa. Kutoka mkobani akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi laini. Kilikuwa kijiko cha chuma cha pua, chenye namba ya idara ya udongo imechongwa katika mpini.

"Kilikuwa wapi?" aliuliza Teizo.

"Katika droo ya sindano. Hukuwahi kukiuliza, ukapewa kingine."

Fumino alikipokea kwa mikono iliyovaa glavu, akakipitisha katika moto wa spiriti mara mbili, akangoja kipoe, akakirudisha. Sadayo akainama juu ya ule uwazi.

"Chigusa," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtoto aliye chumba cha pili, "mama anaomba kijiko kimoja."

"Bibi," alinong'ona Fumino, "tunahitaji vitano. Pembe nne na katikati."

"Vijiko vitano," alirekebisha Sadayo. "Hawa watu wa maabara hawashibi."

Kile cha katikati alikiacha mwisho. Alikaa hapo kitambo, kijiko kimegusa udongo bila kuchota, na hakuna aliyemharakisha. Mtawa alikuwa amemaliza sala. Akaanza tena mwanzo bila kuambiwa. Hatimaye Sadayo alichota, akageuka.

"Baba," alisema, "fungua vizuri. Usimwage."

Hakuwa amemwita hivyo tangu mwaka ambao Fumino alizaliwa. Na kwa namna alivyolitamka, kwa upole na haraka kidogo, Teizo alisikia sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na saba aliyezoea jina hilo kwa siku ishirini na tatu tu. Akafungua mfuko vizuri. Hakumwaga.

Walipomaliza, jiwe likarudishwa mahali pake, wakaketi barazani kwa mtawa wakapewa chai. Sadayo aliomba daftari. Akalifungua ukurasa ule, akatoa kalamu yake ya wino, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno yake ya zamani ili bado yasomeke, kisha akaandika chini yake bila kumwuliza mtu: Kaburi la ukoo wa Kuramochi, chini ya jiwe. Tarehe ni ile ile. Anga kavu, upepo kidogo. Mti wa karibu, hakuna. Mchukuaji, baba yake Chigusa.

Alipuliza wino ukauke. Akahamia mstari mpya, akaandika tarehe ya siku hiyo na mahali pale pale. Na penye mchukuaji akaandika: mama yake.

"Mwandiko umepinda," alisema, akarudisha kofia ya kalamu.

"Haukupinda," alisema Teizo.

"Umepinda. Wewe na kusema kweli bado hamjazoeana."

Fumino alicheka kabla hajajizuia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile kumtazama babu yake usoni.

Ilipita Novemba, ikapita Jumapili ya kwanza ya Desemba bila Fumino kuja. Alituma ujumbe mfupi kwamba ana kazi. Teizo hakuuliza ni kazi gani. Alikuwa amekwisha sema yaliyokuwa yake kusema, na udongo haukuwa na deni naye. Lakini kila asubuhi alijikuta amesimama karibu na simu, akijifanya anairekebisha kalenda ukutani.

Jumapili ya pili, bila miadi, mlango ukagongwa. Fumino aliingia na kisanduku cha keki, akakiweka mezani, akapita moja kwa moja jikoni ambako bibi yake alikuwa mtungini, akamnyooshea simu yenye picha. Teizo alifuata nyuma, akavaa miwani.

Kilikuwa kisahani. Bakteria wa hospitali walikuwa wamekitanda chote kama ukungu wa asubuhi. Katikati palikuwa na doa dogo la rangi ya majivu, na kulizunguka palikuwa safi, upana wa punje ya mchele.

"Mfuko wa tano," alisema Fumino. "Katikati."

"Ndiye yeye?" aliuliza Sadayo.

"Yeye au ndugu yake. Safari hii tumeusoma urithi wake kabla ya kumhamisha hata mara moja, na vichupa tumefunga arobaini. Hatumpotezi tena."

"Kwa hiyo ni dawa."

"Bado, Bibi. Ni duara tu. Pengine miaka kumi, pengine itashindikana. Huenda ikaua figo kabla ya kuua mdudu. Na hata ikifaulu, wadudu hawalali. Siku moja watajifunza kuikwepa hii nayo."

Sadayo alifikiri, mkono ukiendelea kugeuza. "Sasa mnahangaika mpaka lini?"

"Pumba zako unazigeuza mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Halafu?"

Bibi alimtazama mjukuu, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa bado ameishika ile simu karibu na pua, kana kwamba picha ina harufu. Akauchomoa mkono, akakung'uta chembe zilizonata vidoleni, akausogeza mtungi kidogo upande wa Fumino.

"Nawa mikono," alisema. "Nawa vizuri, mpaka kwenye kiwiko."